Godoro la Mtu wa Kifua

Hasira yangu ilianza na kikombe.

Niliporudi nyumbani Chemchem, mjini Tabora, baada ya miezi mingi ya kulazwa kule hospitali ya Kitete kwa kifua kikuu, nilikuta kikombe changu kimefungwa uzi mwekundu kwenye kishikio. Wifi yangu, mke wa kaka, ndiye aliyeufunga. Nikamwuliza uzi wa nini. Akasema, "Ili tusikichanganye, wifi." Nikamwuliza tusikichanganye na nini, na vikombe vyote vya nyumba hii ni vya bati, vyote vimebabuka, vyote vilinunuliwa siku moja na mama yangu. Akatazama pembeni. Nikaukata ule uzi kwa meno mbele yake, nikajimiminia chai. Kesho yake uzi ulikuwa umerudi, safari hii umefungwa mafundo mawili.

Nilikuwa na cheti. Daktari alinipa mwenyewe, kina muhuri, kinasema nimepona na siambukizi mtu. Nilitembea nacho kwenye pindo la kanga mpaka kikaanza kuchanika kwenye mikunjo. Nani alikisoma? Watu wa mtaa wetu walikuwa wanasoma barua za wenzao kabla hazijafika, lakini cheti changu hakuna aliyekuwa na muda nacho.

Na kazi yangu ni magodoro. Nashona magodoro ya sufi, kama mama alivyoshona kabla yangu. Nafungua matumba, natoa mbegu, naanika, napiga fimbo mpaka sufi inavimba, najaza, nashona mistari. Nusu ya mabibi harusi wa Chemchem walianza ndoa zao juu ya godoro langu, na wengine wana watoto sita wa kunishuhudia. Nilipopatwa na kifua, watu wakasema maradhi yameingia kwenye sufi. Jirani wa nyumba ya tatu, mtu niliyemshonea godoro kwa mkono wangu na kumwongezea mto juu, alilitoa godoro lile uani akalitia moto mchana kweupe. Moshi wake uliingia chumbani kwangu nikakohoa, na yeye akasikia nikikohoa, akapata ushahidi. Lo! Mtu anakufukiza halafu anakuhesabia kikohozi.

Kwa hiyo niseme wazi nilichokuwa nakitaka miaka ile, maana sikutaka makuu. Nilitaka mtu mmoja, binadamu mmoja tu, alale juu ya godoro langu mbele za watu.

Kutembea nilijifunza kwa sababu ya sindano. Baada ya kutoka wodini niliambiwa niendelee kuchomwa kila siku ili maradhi yasirudi, na kila siku nilikwenda Kitete kwa miguu. Mwanzoni nilikuwa napumzika njiani mara tano, nimeshika mti, watu wananipita na "pole" zao. Baada ya muda nikapumzika mara tatu, halafu mara moja, halafu nikasahau kupumzika. Sindano zilipokwisha, miguu ikakataa kukaa. Nikaanza kwenda mpaka seminari ya Kipalapala na kurudi, kila alfajiri baada ya kusali. Siku nyingine nakimbia kidogo, natembea kidogo. Waseminari wakinikuta njiani na majembe yao wananiambia, "Tumsifu Yesu Kristo, mama." Mimi nawajibu, "Hamjambo wanangu, limeni." Walinizoea. Wao peke yao hawakunipa pole hata siku moja, nadhani kwa sababu walidhani nina wazimu, na mwenye wazimu hapewi pole.

Basi, mwaka huo kijiji kimoja cha ujamaa upande wa magharibi, kwenye njia ileile waliyopita wapagazi wa zamani kwenda Ujiji, kilimaliza kujenga zahanati. Walifyatua matofali wenyewe, wakaezeka wenyewe. Lakini ndani ilikuwa tupu. Wazazi walikuwa wanajifungulia chini, juu ya magunia ya karanga. Ikaundwa kamati mjini, na kamati ikaja na jambo ambalo mpaka leo nalisifu, pamoja na kwamba waliolibuni siwasifu: mbio za mizigo. Kila mkimbiaji abebe kitu anachokitoa kwa ajili ya zahanati, kichwani au begani, kutoka mjini mpaka kijijini, maili kumi na sita. Asiyefika na mzigo wake hakukimbia.

Mimi niliposikia hivyo nilicheka peke yangu. Babu yangu alikuwa mpagazi, alibeba mizigo ya watu mpaka pwani na kurudi na wala hakuona haya. Na kama kuna kitu zahanati ya wazazi inahitaji, si ni godoro? Nikashona godoro moja, jembamba kiasi, sufi mpya, kitambaa kipya cha mistari. Nililishona kwa siku nne na sijawahi kushona mishono iliyonyooka vile.

Katibu wa kamati alikuwa amekaa kwenye meza mbele ya ukumbi, anaandika majina. Kijana mnene, mpole wa sauti, suti ya mikono mifupi, kalamu mbili mfukoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Niandike. Godoro moja."

Akaweka kalamu chini. "Ndugu mama, wewe si ndiye yule... uliyekuwa Kitete?"

"Ndiye. Na nimetoka. Cheti hiki."

Hakukishika. Alikitazama kikiwa mkononi mwangu, akasogeza kiti nyuma kidogo, akaniambia kwa upole kabisa, "Mama, sisi tunakuonea huruma. Wewe ni mtu wa kuchangiwa, si wa kuchangia. Na hilo godoro, tuseme ukweli, nani atalala?"

"Atalala mzazi."

"Mtu wa kifua, mama?"

"Wa kifua ni mimi. Godoro halikohoi."

Watu kwenye foleni wakacheka, na kicheko kile kikamwudhi. Akasema kama napenda sana mbio, niruhusiwe kukimbia bila mzigo, nipigiwe makofi, nipewe soda. Bila mzigo! Nikamwambia mtu anayekimbia bila mzigo katika mbio za mizigo anatoroka, hakimbii. Hakuniandika. Nilipoondoka nilimsikia akiwaambia walio nyuma yangu kwamba siku ya mbio mtu asimtwishe yule mama, asije akaanguka njiani ikawa lawama kwetu.

Hapo alinipata, na alijua. Kwetu mzigo hujitwishi. Bibi yangu alikuwa anasema anayejitwisha ni mwizi, ndiye anayechukua mzigo mahali ambapo hakuna wa kumwona. Mtu mwema anachuchumaa, anasema "nitwishe", na yeyote aliye karibu anamtwisha, hata kama jana walitukanana kisimani. Na ukifika kwa watu, hujitui. Mwenyeji ndiye anayekutua. Ukiutupa mzigo mwenyewe uani kwa mtu, umemwambia nyumba yako haina watu. Kumkataza mtu kutwishwa ni kumwambia hayumo katika watu. Na alinifanyia hivyo huku ananiita ndugu. Siku zile kila mtu alikuwa ndugu: ndugu mwenyekiti, ndugu karani, ndugu dereva. Mimi nilikuwa ndugu wa kikombe chenye uzi.

Siku ya mbio nililifunga godoro kwa kamba, nikaliweka kwenye baiskeli ya kaka nikalisukuma mpaka uwanjani. Kulikuwa na wakimbiaji kama arobaini hivi: vijana wa sekondari na ndoo mpya, mafundi na mabenchi, akina mama wenye mablanketi, mwuza duka mmoja na taa mbili za chemli anazoogopa kuzitikisa. Mbele yao kamati ilikuwa imemsimamisha mzee mmoja wa mjini, mpagazi wa kweli, labda wa mwisho aliyekuwa bado anatembea. Walimpa bendera wakamwambia awe kirangozi, yaani yule kiongozi wa msafara wa zamani anayetangulia mbele. Walimtaka kwa mapambo tu. Atembee hatua mia, apigwe picha, akae.

Nikalishusha godoro mstarini, nikachuchumaa, nikasema, "Nitwisheni."

Hakuna aliyesogea. Nikasema tena, kwa sauti. Mama mmoja niliyemshonea godoro la harusi alianza kutazama mawingu, na ilikuwa kiangazi, hata wingu la dawa halikuwapo. Nilikaa pale nimechuchumaa, kanga imenibana magoti, na machozi ya hasira yakanijaa. Sikuyafuta.

Yule mzee aligeuka. Akamwendea katibu, akampa bendera akamwambia, "Shika." Katibu akaishika, afanyeje? Mzee akaja polepole, akainama, akashika upande mmoja wa godoro, nikashika upande mwingine, likapanda kichwani. Akalitikisa kidogo kuona limekaa. Kisha akasema kwa sauti ya kuwasikizisha, "Tulikuwa tunawatwisha hata watumwa, sembuse mtu huru." Akarudi akachukua bendera yake na kuanza kutembea. Kamati haikuwa hata imepuliza filimbi.

Sasa sikilizeni kosa lao, maana hili lingetokea Tabora tu. Zile hatua mia ziliisha na mzee hakukaa. Aliendelea. Kirangozi hapitwi. Kila mtoto wa mjini kwetu analijua hilo kabla hajajua kufunga kamba za viatu: mbele ya kirangozi hapiti mtu, anayempita analipa faini na anatia mkosi safarini. Basi watu arobaini, wakiwamo vijana wa sekondari wenye miguu ya paa, wakajipanga nyuma ya mzee mmoja mwenye umri wa babu zao, wakatembea mwendo wake. Katibu alikuwa kwenye Landrova pembeni, ametoa kichwa nje. "Mpiteni! Haya ni mashindano, jamani, mpiteni!" Thubutu! Kijana mmoja alijaribu kunyata upande wa kulia, wenzake wakamvuta shati.

Nami nilikuwa nyuma ya mzee, hatua kumi tu, na ule mwendo wake ndio ulioniokoa. Ni mwendo mfupi, goti halipandi juu, mgongo hauyumbi, pumzi inaingia kwa hatua tatu inatoka kwa tatu. Siku zote nilizokwenda Kipalapala sikuwahi kuupata. Nikauiga. Tukaenda hivyo maili nane, mpaka kwenye kisima kilichoko nusu ya njia. Hapo mzee akachomeka bendera mchangani, akaketi akasema, "Mimi safari yangu imeishia hapa. Sasa kila mtu na miguu yake."

Walitimka! Vumbi, ndoo zinagongana, taa ya mwuza duka ikavunjika hapohapo. Mimi nikabaki na mwendo wa mzee. Njia ilikuwa mchanga mtupu kati ya miyombo, ndorobo wananiuma shingoni na mikono yote iko juu, siwezi hata kuwapiga. Upepo ukija godoro linageuka tanga, linanivuta kando. Upande wa kushoto wa kifua, pale penye kovu la ugonjwa, pakaanza kuchoma. Nikahesabu tatu ndani, tatu nje. Ilipokataa tatu nikahesabu mbili. Niliogopa, sitaficha. Niliogopa kufa pale njiani, na zaidi ya kufa niliogopa katibu aje aseme "nilisema".

Na kweli akaja. Landrova ikanipita, ikarudi kinyumenyume, vumbi lote usoni.

"Mama, pole. Panda gari. Umejitahidi sana, inatosha. Pole, mama."

"Pole kampe mkeo," nikamwambia. "Mimi niko safarini."

Vumbi likaniingia, nikakohoa. Nilikohoa sana, nimesimama, nimeshika godoro kwa mikono miwili.

"Umeona? Umeona sasa?" akasema.

"Nimeona gari lako linatimua vumbi. Ondoka nipumue!"

Akaondoka, na akaenda moja kwa moja kijijini. Hapo nilielewa atakachokwenda kusema.

Njiani niliwapita vijana wawili wa sekondari wamekaa kivulini, wamevua viatu, wanatazama malengelenge yao. Mmoja akasema, "Mama, ndoo hii ina kilo ngapi hasa?" Nikamwambia amwulize babu yake. Baada yao sikumwona mtu tena mpaka nilipoona bati jipya la zahanati linang'aa mbele na nikasikia vigelegele.

Vigelegele vilikuwa vya wengine. Akina mama wa kijiji walikuwa wamejipanga uani, na kila aliyefika walimpokea, wakamtua ndoo yake, wakamtua benchi lake, wakampa maji. Mimi nilipoingia uani wakanyamaza. Katibu alikuwa amesimama karibu na mlango, na hakunitazama. Kulikuwa na mama mmoja aliyenyanyua mikono kunipokea, mwenzake akamshika kiwiko, akaishusha.

Nikasimama katikati ya ua. Hotuba zikaanza. Katibu alisema juu ya umoja, akasema ujamaa ni kuchukuliana mizigo, naapa alisema hivyo, na mimi nimesimama mbele yake na godoro kichwani. Shingo ilikuwa inatetemeka. Jasho lilikuwa linaingia machoni. Katikati ya hotuba akashindwa kuvumilia, akaniambia, "Ndugu mama, weka mzigo chini, upumzike."

"Mgeni hajitui."

"Mama, weka tu."

"Nimetembea maili kumi na sita. Nyumba hii ina watu au haina?"

Nilikuwa nimeshaamua kwamba godoro likianguka, lianguke na mimi.

Ndipo barazani aliponyanyuka msichana mmoja. Nasema msichana, hakuzidi miaka ishirini, lakini tumbo lilikuwa limeshuka kabisa, na mkono mmoja ameegemea ukuta. Uchungu ulikuwa umemshika tangu jana yake, na walikuwa wamemweka kwenye gunia akisubiri sherehe iishe. Alikuja hatua kwa hatua. Katikati ya ua akasimama, akainama, akauma kanga mpaka uchungu ulipopita, kisha akaja tena. Mama mkwe wake akamfuata mbio. "Usimguse, huyo ana kifua!"

Msichana akafika mbele yangu. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Ni kweli una kifua?"

"Nilikuwa nacho kibovu. Kimepona."

"Na umelitoa Tabora mjini, kichwani?"

"Kichwani."

Akanitazama kifua kinavyopanda na kushuka, alitazama kama mtu anayetazama ng'ombe sokoni kabla hajaamua. Kisha akamgeukia mama mkwe wake. "Kifua kilichotoka Tabora na mzigo, mama, si ndicho kizima? Wewe kifua chako kimetoka wapi leo?" Akanyoosha mikono. "Lete. Mgongo wangu umechoka na gunia."

Mzazi mwenye uchungu hanyanyui kitu, hilo nalijua hata mimi. Kwa hiyo nilichuchumaa chini kabisa ili asivute, yeye akashika pembe tu, nami nikaliachia, likashuka. Lakini alinitua. Ua mzima uliona kwamba nimetuliwa. Mkunga, ambaye muda wote alikuwa mlangoni amekunja mikono, akalikamata godoro bila kumtazama katibu, akaingia nalo ndani, na msichana akaingia nyuma yake.

Mtoto alizaliwa kabla jua halijafika magharibi, wa kike. Niliitwa ndani. Msichana alikuwa amelala juu ya mistari yangu niliyoinyoosha kwa siku nne, imelowa damu na maji, imeharibika vizuri kabisa. Alikuwa amechoka hata macho hayafunguki sawasawa. Watu walikuwa wanamwambia hongera. Yeye akanitafuta kwa mkono, akanishika kidole, akanishukuru kwa Kinyamwezi. "Wabeja, mayu."

Tangu niugue nilikuwa nimepewa pole na mji mzima. Asante ilikuwa ya kwanza, nikalia mbele za watu bila haya.

Nje katibu alikuwa ananisubiri kando ya gari. "Mama, pole na safari," akasema.

"Sema asante," nikamwambia.

"Eh?"

"Nimekuletea godoro. Sema asante."

Alisema, kwa taabu, kama mtoto anayelazimishwa kumwamkia mgeni. Nikapanda gari lake, nikakaa kiti cha mbele.

Nyumbani nilikata uzi wa kikombe, na safari hii haukurudi, maana habari ilikuwa imenitangulia. Mwezi haukuisha watu wakaanza kuja kuagiza, kwanza kwa kunong'ona, halafu wazi. Jirani aliyechoma la kwanza alikuja. Nikamshonea, kwa sababu mimi si kama yeye. Halafu siku moja akaja mama mmoja mwenye kanga mpya, amepaka wanja, akaanza na habari za afya yangu, pole sana kwa kuugua, pole sana kwa yote. Alikuwa mke wa katibu. Alitaka godoro la futi sita, sufi ya kwanza, kama lile la zahanati.

Sufi ilikuwa imejaa chumbani mpaka darini, nyingine imetoka mlangoni, na kipande kilikuwa kimemtua begani. Nikamwondolea kwa vidole viwili.

"Dada," nikamwambia, "sufi imekwisha."